Nani Huamua Ufukweni? Haki ya Tabianchi na Jamii za Asili Kandokando ya Ziwa Victoria

Kati ya mwisho wa mwaka 2019 na Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda kwa zaidi ya mita 1, na kipimo cha Jinja nchini Uganda, mahali ziwa linapotoa maji yake kwenda Mto Nile, kikavuka rekodi iliyokuwa haijaguswa tangu 1964. Kwa sisi tunaoishi kwenye vilima vya mawe vya jiji la Mwanza, hiyo ilikuwa habari ya kusikia redioni. Kwa watu wa mialo, yaani fukwe ambako wavuvi hushusha samaki, ya Ilemela, Magu, Sengerema na Ukerewe, ilikuwa habari ya maji kuingia vibandani, ya vyoo kufurika, na ya mchanga ambao kina mama walizoea kuanikia dagaa kuzama wote.

Chanzo cha kupanda huko kinafaa kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu mjadala mzima wa haki unaanzia hapo. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mito huchangia sehemu ndogo tu, kwa hiyo msimu mmoja wa mvua kubwa hutosha kulinyanyua ziwa zima lenye eneo la kilomita za mraba 68,800. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulikuwa na joto kuliko kawaida, na mvua za vuli zikapita kiasi. Watafiti waliolichunguza tukio hilo, katika matokeo yaliyochapishwa 2024, walikadiria kwamba mabadiliko ya tabianchi yanayosababishwa na binadamu yaliongeza uwezekano wa tukio la namna hiyo mara 1.8 hivi, na kwamba katika kimo ambacho maji yalifikia, sentimita 7 hivi zilitokana na mabadiliko hayo. Walisema pia kwamba makadirio hayo yana mashaka makubwa ya kitakwimu.

Nazitaja takwimu hizo mbili pamoja kwa sababu kila moja, ikiachwa peke yake, hupotosha. Anayeshika ile ya 1.8 peke yake atasema kila nyumba iliyozama ni deni la viwanda vya Ulaya na Marekani. Anayeshika ile ya sentimita 7 peke yake atasema tabianchi haihusiki, kwamba watu walijitakia kwa kujenga karibu na maji. Ukweli ni kwamba ziwa hili limekuwa likipanda na kushuka tangu zamani, kwamba siku hizi hatari ya kupanda kupita kiasi imeongezeka, na kwamba waliozamiwa walikuwa wanaishi ufukweni kwa sababu zao: kazi yao iko majini, na ardhi ya juu ina wenyewe.

Hapo ndipo neno haki ya tabianchi linapopata maana. Watu wengi huishia kwenye upande wake wa kwanza, ambao kwa kweli ni mzito: Afrika nzima huzalisha chini ya asilimia 4 ya gesijoto za dunia, ilhali hasara huipata mapema na huipata sana. Kutokana na hoja hiyo, mkutano wa tabianchi wa Sharm el-Sheikh wa 2022 ulikubali kuanzishwa kwa mfuko wa hasara na uharibifu, na ule wa Dubai wa 2023 ukaupa mfuko huo muundo wa kuanzia kazi. Lakini haki ina upande wa pili ambao hauzungumzwi sana mialoni wala maofisini, nao ndio ninaotaka kuushughulikia: fedha zikifika, na mradi ukifika, nani huamua kifanyike nini, wapi, na kwa masharti ya nani? Wanaofanya kazi ya tabianchi pamoja na jamii za asili duniani kote wanakutana na swali hili kila siku, na huku kwetu lina mafundo yake ya pekee.

Fundo la kwanza ni jina lenyewe. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili lilipitishwa tarehe 13 Septemba 2007 kwa kura 144 za ndiyo, 4 za hapana, na nchi 11 zilijizuia kupiga kura. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo, Kenya ilijizuia. Hata hivyo msimamo unaosikika mara kwa mara nchini mwetu ni kwamba Watanzania wote ni wa asili ya hapa, na kwamba kulitenga kundi moja na kuliita la asili ni kurudisha ukabila. Hofu hiyo si ya kupuuzwa katika nchi iliyojijenga juu ya umoja. Lakini kikosi kazi cha Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, katika ripoti iliyopitishwa 2003, kilieleza kwamba katika bara letu neno hilo halihusu nani alitangulia kufika. Linahusu jamii zinazojitambua hivyo zenyewe, ambazo uhai na utamaduni wao umefungamana na ardhi fulani, na ambazo zimesukumwa pembeni kwa sababu ya namna yao ya kuishi. Ndiyo maana nchini kwetu wanaojiita hivyo ni hasa Wahadzabe, Waakie, Wamasai na Wabarabaig, yaani wawindaji, warina asali na wafugaji.

Je, Wakerewe, Wajita, Wakara, Wazinza na Wasukuma wa kandokando ya ziwa wamo? Kwa kipimo hicho, kwa kawaida hawahesabiwi, na Wasukuma ni kabila kubwa kuliko yote nchini. Mimi naona kwamba kuwalazimishia jina hilo ni kosa, na ni kuwakosea pia Wahadzabe, ambao ni wachache mno na ambao hatari yao ya kupoteza kila kitu ni ya aina nyingine kabisa. Lakini yale yaliyopiganiwa na jamii za asili, kwamba wenyeji waulizwe mapema, wapewe taarifa kamili kwa lugha wanayoielewa, wawe huru kukataa, na ujuzi wao uhesabiwe kuwa ujuzi, yanamfaa mvuvi wa Kayenze kama yanavyomfaa mrina asali wa Mau.

Mau nimeitaja kwa sababu. Mto Mara huanzia katika msitu wa Mau nchini Kenya, hupita Maasai Mara na Serengeti, kisha huingia ziwani karibu na Musoma. Ndani ya msitu huo wamekuwa wakiishi Waogiek, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiondolewa kwa hoja kwamba wanaharibu chanzo cha maji. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na kwamba serikali haikuthibitisha kuwa Waogiek ndio walioharibu msitu. Mwezi Juni 2022 mahakama hiyo hiyo iliagiza walipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 157.85 na wapewe hati ya pamoja ya ardhi yao. Pamoja na hukumu hizo, mwezi Novemba 2023 nyumba zao zilibomolewa tena. Anayevua ningu kwenye mdomo wa Mto Mara huenda hajawahi kumwona Mwogiek, lakini maji anayovulia yanategemea sana nani ameachiwa kuutunza msitu ule na nani amefukuzwa.

Kuhusu ujuzi wa wenyeji, makala nyingi huusifu kwa maneno mazuri bila kueleza unafanyaje kazi, na mfano bora tunao hapa hapa Usukumani. Ngitili ni sehemu ya malisho au kichaka inayofungwa mvua zinapoanza, ili nyasi zikue bila kuliwa, kisha hufunguliwa kiangazi kikikolea na malisho mengine yameisha. Kwa kuiangalia haraka mtu atadhani ni pori lililosahauliwa. Kumbe ni akiba, kama michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndani ya ghala. Iko ngitili ya familia na iko ya kijiji, na mipaka yake hujulikana hata pasipokuwa na uzio: mti fulani, kichuguu, njia ya ng'ombe. Anayeingiza mifugo humo kabla ya wakati hushtakiwa mbele ya dagashida, baraza la kimila, na hutozwa faini. Kwa hiyo ngitili ina vitu vitatu ndani yake: ujuzi wa nyasi na udongo, mipaka inayojulikana, na chombo chenye meno ya kusimamia mipaka hiyo.

Historia ya Shinyanga inaonyesha kinachotokea vikitenganishwa. Wakati wa ukoloni na baadaye, misitu mingi ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, na mingine ikafyekwa kupisha pamba. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 na 1975, watu wakahamishwa kutoka kwenye makazi yao yaliyotawanyika. Mzee aliyejua kila kitu kuhusu ngitili alibaki na ujuzi wake kichwani, lakini ngitili yenyewe ilikuwa kilomita kadhaa kutoka alikohamishiwa, haina mlinzi wala baraza. Nchi ikabaki uwanda. Serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu HASHI, mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikuwa takriban hekta 600 tu. Mradi ulianza na vitalu vya miche, kama miradi mingi, lakini mafanikio makubwa yalikuja ulipokubali kwamba watu hawahitaji kufundishwa kuotesha miti kwenye ardhi ambayo mbegu na visiki bado viko hai. Wanahitaji kuruhusiwa kufunga eneo na kuliamulia wenyewe. Kufikia 2004, tathmini iliyofanywa ilikadiria kuwa hekta kati ya 300,000 na 500,000 zilikuwa zimerudishwa, katika vijiji 833 vya mkoa ule wa zamani, ambao sehemu yake sasa iko Simiyu.

Nimelikawilia jambo hili kwa sababu linapindua mazoea. Ujuzi haukupotea kati ya 1975 na 1986. Kilichopotea ni mamlaka, na yaliporudi, ujuzi ukaanza kazi siku hiyo hiyo.

Kisiwa cha Ukara kinasema jambo hilo hilo kwa njia nyingine. Wakara, wakiwa wengi mno juu ya ardhi ndogo, walijenga kilimo ambacho wataalamu wamekuwa wakikiandikia tangu wakati wa Wajerumani: ng'ombe hufugwa ndani, hukatiwa majani, samadi yake hubebwa hadi shambani, na marejea, mmea wa jamii ya kunde, hupandwa na kufukiwa ili kurutubisha udongo wa kichanga. Kazi hiyo ni ngumu ajabu, na hakuna anayeifanya kwenye shamba asilo na hakika nalo. Kila kipande cha ardhi na kila mti huko una mwenyewe.

Basi mtu anayetumwa kufanya kazi na jamii hizi hufanya nini hasa? Sehemu kubwa ya kazi ni kusikiliza kabla andiko la mradi halijaandikwa. Nimewahi kukaa katika mkutano, chini ya mwembe, ambapo mwezeshaji alifika na dodoso lililokwisha kuchapishwa, likiwa na swali kama wanakijiji wangependa majiko banifu au miche ya miti. Mzee mmoja aliomba ruhusa, akasimama, akauliza, "Mwanangu, na anayetaka maji ya ng'ombe ajaze wapi?" Hapakuwa na kisanduku cha jibu hilo. Watu walisaini karatasi ya mahudhurio, wakapokea posho, na taarifa bila shaka iliandika kwamba jamii ilishirikishwa. Ridhaa ya kweli hutaka muda: mkutano wa kwanza wa kueleza, siku za watu kwenda kujadiliana nyumbani na kwenye vilabu vyao, mkutano mwingine wa kujibu, na uwezekano wa kweli wa jibu kuwa hapana. Hutaka pia lugha. Kiswahili cha maofisini, chenye maneno kama uhimilivu na ikolojia, humnyamazisha bibi ambaye Kisukuma chake kina majina tofauti ya udongo, luseni, itogolo na mbuga, na ambaye kwa majina hayo tu angeweza kukueleza mihogo ipandwe wapi na majaruba ya mpunga yachimbwe wapi mvua zikichelewa.

Hata hivyo ujuzi wa wenyeji una mipaka, na kuusema ukweli huo ni sehemu ya kuuheshimu. Dalili za upepo, ndege na kuchanua kwa miti zilijengwa juu ya misimu iliyokuwa na mwenendo, na wazee wenyewe hukiri kwamba siku hizi zinawachanganya. Hapo taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) zinahitajika, hasa majini. Jua likizama, nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, upepo hutoka pande zote kuelekea katikati ya ziwa, hewa hupanda, na ngurumo huzuka kati ya usiku wa manane na alfajiri. Ni saa zile zile ambapo wavuvi wa dagaa wako kazini, siku za giza, mwezi ukiwa haupo, wakiwavuta dagaa kwa taa. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba watu kati ya 3,000 na 5,000 hufa ziwani kila mwaka.

Kati ya 2017 na 2021 mradi wa HIGHWAY, ulioratibiwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani pamoja na mamlaka za Afrika Mashariki, ulijaribu kutengeneza utabiri kwa kuwauliza wavuvi wanahitaji kujua nini. Ilionekana kwamba utabiri wa ziwa zima haumsaidii mtu wa Ghuba ya Mwanza. Anahitaji wa eneo lake, wa usiku wake, na kwa maneno anayoyatumia yeye. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini mvuvi wa kibarua anayelipwa kwa mgawo wa samaki, ambaye mtumbwi na injini ni vya tajiri wake, anaweza kuusikia utabiri vizuri kabisa na bado akaingia majini, kwa sababu asiyeingia leo kesho nafasi yake ina mtu mwingine. Tahadhari imefika, uamuzi haukumfikia.

Fedha nazo zina tabia hiyo. Mkutano wa Glasgow wa 2021 ulishuhudia ahadi ya dola bilioni 1.7 kwa ajili ya haki za ardhi za jamii za asili na jamii za wenyeji kwenye misitu, na wafadhili wenyewe wakaripoti kwamba katika mwaka wa kwanza asilimia 7 tu zilikwenda moja kwa moja kwa mashirika ya jamii hizo. Zilizobaki zilipitia mikono mingine. Karibu nasi, Mfuko wa Tabianchi wa Kijani uliidhinisha mwaka 2017 mradi wa kuyapeleka maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, na maji hayo yanahitajika sana katika mkoa ambao mito yake hukauka kiangazi. Fedha za ukubwa huo haziwezi kushikwa na kamati ya kijiji, na sisemi zishikwe. Lakini mahali pa kujenga birika la mifugo ni jambo ambalo mfugaji analijua kuliko mhandisi, na halihitaji dola hata moja kumwachia aliamue.

Wahadzabe wa Yaeda, wilayani Mbulu, wanatupa mfano wa utaratibu mzuri wa mambo. Mwaka 2011 walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kwa ardhi yao, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mapato ya kaboni, yaani malipo wanayopata kwa kutunza misitu yao inayohifadhi hewa ya ukaa, yamesimama juu ya hati hiyo. Sasa kwa kuwa nchi ina kanuni za biashara ya kaboni tangu 2022, na wanunuzi wanazunguka vijijini, kijiji kisicho na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu kitajikuta kinasaini kwanza na kuuliza baadaye.

Ufukweni jambo la ardhi ni gumu zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nia yake ni njema, kwa kuwa mafunjo na mimea ya ukingoni huchuja uchafu na huwa mazalia ya samaki. Lakini mita hizo huhesabiwa kutoka kwenye maji, na maji yenyewe yamesogea. Aliyekuwa nje ya mstari mwaka 2018 anaweza kuwa ndani yake leo bila kuhama hata hatua moja.

Katika mwalo mmoja, upande wa mashariki wa jiji, kina mama waanika dagaa walipata msaada wa vichanja vya miti na nyavu. Kichanja kina faida inayoonekana: dagaa hawagusi mchanga, hukauka haraka, na mvua ikinyesha ghafla hufunikwa kwa turubai badala ya kuoza na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Vilijengwa ndani ya wiki moja, juu kidogo, mbali na maji, kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyeuliza kiwanja kile ni cha nani. Mwenye kiwanja alipoona kina kazi, akaanza kudai kodi kwa kila kichanja, na wenye mtaji mdogo wakarudi kuanika mchangani, ndani ya mita 60, ambako wanaweza kufukuzwa siku yoyote.

Nilipofika, alfajiri, mama mmoja alikuwa akigeuza dagaa kwa fagio la chelewa huku akitazama wingu upande wa ziwa. Nilimwamkia, nikamuuliza kama vichanja vilikuwa kosa. "Vichanja ni vizuri," alijibu. "Tungeulizwa, tungeomba kiwanja kwanza. Vichanja tungejenga wenyewe, miti si iko." Kisha alinionyesha jiwe lililopakwa chokaa. Kikundi chao hupima kwa hatua, kila mwezi, kutoka majini hadi kwenye jiwe lile, na msichana aliyemaliza kidato cha nne huandika namba hizo kwenye daftari. Kwa namba hizo walikuwa wamechora eneo wanaloliomba litengwe kwa kuanikia katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, likiwa na nafasi ya kurudi nyuma maji yakipanda tena. Mchoro wao, wa kalamu nyekundu nyuma ya karatasi ya kalenda ya zamani, uko kwa mtendaji wa kijiji, unasubiri mkutano mkuu ujao.